Kujitolea msimu wa sikukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo waratibu wa wanaojitolea huulizwa kila sikukuu zinapokaribia, iwe Krismasi na Mwaka Mpya au Idi. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yenye utata. Jibu likigusa swali jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Kabla ya kuanza

1. Kujitolea kuna tofauti gani na kutoa sadaka?

Sadaka ni mali. Kujitolea ni muda na nguvu. Mashirika ya hisani yanahitaji vyote viwili, ila mara chache huvihitaji kwa kiasi kimoja au kwa wakati mmoja. Utakuta asasi ina stoo iliyofurika nguo na haina mtu wa kuzichambua, huku jirani yake ana watu tele na amekwama kwa kukosa hela ya mafuta ya gari. Kwa hiyo uliza kwanza wamepungukiwa na nini, ndipo useme unachoweza.

2. Nianze kutafuta nafasi lini?

Wiki sita hadi nane kabla. Wengi hupiga simu siku tatu zikiwa zimebaki, ratiba ya zamu imeshafungwa, kisha wanakasirika wakiambiwa nafasi zimejaa. Ukweli ni kwamba siku yenyewe ya sikukuu ndiyo yenye mikono mingi kuliko zote, kiasi cha watu kugongana jikoni. Uhaba uko kwenye wiki za maandalizi, wakati wa kukusanya, kuhesabu, kuchambua na kupiga simu. Uhaba huo unarudi tena wiki mbili tatu baada ya sherehe, wakati waliojitolea wamesharudi kwenye shughuli zao na stoo ni tupu.

Anayependa kuwa na tarehe ya kushikilia aichukue tarehe 5 Desemba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kuwa siku ya kimataifa ya wanaojitolea. Ukijitokeza siku hiyo, kwa Krismasi bado hujachelewa sana.

Idi zina hesabu yake. Zakatul-fitri inapaswa kuwafikia wanaostahili kabla ya swala ya Idi, kwa hiyo kazi yote ya kupima, kufungasha na kugawa hubanwa kwenye siku chache za mwisho wa mfungo. Anayejitokeza asubuhi ya sikukuu anakuta kazi imekwisha. Idi ya kuchinja ni kinyume chake: uchinjaji huanza baada ya swala na kuendelea siku zinazofuata, na ugawaji wa nyama unahitaji watu wenye usafiri wakati huo huo ambao kila mtu anataka kuwa nyumbani.

3. Nitalipataje shirika lililo karibu nami?

Anzia kwenye nyumba za ibada, hospitali, shule na ofisi ya ustawi wa jamii. Maofisa ustawi wanavijua vikundi vidogo ambavyo havina tovuti wala bango, na mara nyingi hivyo ndivyo vyenye shida zaidi ya watu. Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu ipo karibu kila nchi, na utumishi wa kujitolea ni moja ya kanuni zake saba za msingi zilizopitishwa Vienna mwaka 1965, hivyo huko hutaonekana kioja.

Ukipiga simu, taja siku unazoweza, saa ngapi, una usafiri au huna, na kama kuna kazi mwili wako hauiwezi. Usiseme "niko tayari kwa lolote". Inasikika vizuri, lakini inamwachia mratibu mzigo wa kukutafutia kazi, na mwezi huo ana mizigo ya kutosha.

4. Nitajuaje kuwa si matapeli?

Msimu huu ndio wa mavuno kwao, kwa hiyo swali lako ni la haki. Uliza namba ya usajili na uihakikishe kwenye mamlaka inayosajili asasi. Angalia akaunti ya michango ina jina la nani. Omba taarifa ya matumizi ya mwaka uliopita. Kisha nenda ukaone kwa macho, siku ya kawaida isiyo na hafla.

Shtuka ukiona wanataka hela iende kwenye namba ya mtu binafsi, wanakuharakisha ("leo ni mwisho!"), au wanakutoza ada ili ukubaliwe kujitolea na hawaelezi ada hiyo inalipia nini. Kikundi kidogo cha mtaani kinaweza kukosa usajili na bado kiwe cha kweli. Hapo tegemea ushuhuda wa watu waliosaidiwa nacho, na toa vitu au nguvu badala ya fedha mpaka umekizoea.

## Kazi zenyewe

5. Kuna kazi gani hasa?

Watu huwaza kupakua chakula na kugawa zawadi. Hizo zipo, na zinagombaniwa. Chini yake kuna kazi nyingi zisizopigwa picha: kuchambua nguo kwa saizi, kukagua tarehe kwenye makopo, kubandika majina kwenye mafurushi, kuosha masufuria, kusimamia foleni, kuendesha gari, kuandika orodha ya walengwa isiyorudia majina, kupokea simu, kupiga deki saa nne usiku baada ya wageni kuondoka.

Kama ningeambiwa nichague moja kwa mtu mpya, ningempa orodha ya majina. Ugawaji mwingi unaovurugika huvurugikia hapo: familia moja imeandikwa mara mbili, nyingine haimo kabisa, na vurugu zinaanza getini. Mtu mmoja makini mwenye kalamu na daftari wiki moja kabla anaokoa siku nzima ya watu wengi.

6. Sina ujuzi wowote. Je, nikiwa nao?

Usio nao utafundishwa kwa dakika kumi. Kazi nyingi za msimu ni za hivyo. Ukiwa nao, useme mapema. Mhasibu anayefunga hesabu za mwaka, fundi umeme anayekagua nyaya za ukumbi, mkalimani wa lugha ya alama, dereva mwenye leseni ya gari kubwa: hawa ni adimu. Lakini usilazimishe. Wapo wataalamu wanaofika na mpango wa kupanga upya ofisi nzima katikati ya msimu. Mpango huo, hata uwe mzuri, usubiri sikukuu zipite.

7. Nina saa mbili tu. Zinafaa?

Zinafaa kama kazi haihitaji maelezo marefu: kufungasha, kusafirisha mzigo mmoja, kupiga simu za kuwakumbusha watu zamu zao. Hazifai kwa kazi inayohusu mtu mmoja mmoja, kwa sababu utakazotumia kuelekezwa ni nyingi kuliko utakazofanya kazi.

8. Naweza kusaidia nikiwa nyumbani?

Ndiyo. Kutafsiri matangazo, kusanifu mabango, kuandika barua za shukrani kwa wafadhili, kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kuzungumza kwa simu na wazee wanaoishi peke yao. Hiyo ya mwisho haina mipaka ya umbali, na sikukuu ndiyo siku simu inayolia ina thamani. Ila ifanye kupitia shirika, kwa namba waliyokupa, na usome swali la 22 kwanza.

9. Nimepangwa jikoni. Nijue nini?

Jua kwamba unapika kwa watu ambao baadhi yao ni wadogo sana, wazee au wagonjwa, na tumbo la kuhara linaloondoka na siku mbili za mtu mzima mwenye nguvu linaweza kumlaza mzee hospitali. Kanuni za Shirika la Afya Duniani ni rahisi: osha mikono, tenga kibichi na kilichopikwa, pika kikaiva kabisa, tunza kwenye joto salama, tumia maji na viambato salama. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi mpaka kinapoliwa, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwenye hafla za msimu huu ni hiyo ya saa mbili inayovunjwa, kwa sababu chakula kiko tayari saa tano na mgeni rasmi anafika saa nane.

Ukiharisha au kutapika, usiende, na ukae nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu dalili zilipoisha. Mratibu atakusamehe kukosa zamu. Pia andika viambato vya kila chakula mahali panapoonekana; mwenye mzio wa karanga au maziwa hana njia nyingine ya kujua.

10. Nipeleke vitu gani?

Uliza. Kama hujajibiwa, fedha zinafaa kuliko vitu, kwa kuwa shirika linanunua kwa jumla na linanunua kilichopungua. Vitu vinavyokosekana mara nyingi ni vile visivyofikiriwa kuwa zawadi: sabuni, taulo za kike, nepi, dawa ya meno, soksi mpya, chupi mpya, zawadi za vijana wa miaka 13 hadi 17 (kila mtu hununulia watoto wadogo).

Kisichopokelewa: makopo yaliyovimba au kubonyea kwenye mshono, chakula kilichopita muda, dawa zilizobaki nyumbani, nguo chafu. Nguo ambayo usingempa rafiki yako usiifanye kazi ya mtu mwingine kuitupa.

Una mgahawa au duka na chakula kinabaki? Zungumza na benki ya chakula, yaani asasi inayokusanya chakula kilichobaki na kukigawa kwa wenye uhitaji. Ya kwanza ilianzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967 na John van Hengel, ambaye alikuwa akijitolea jikoni akaanza kufuatilia chakula kizuri kilichokuwa kikitupwa madukani.

11. Kuchangia damu kunahesabika?

Kunahesabika sana, na msimu huu hasa. Wachangiaji wa kawaida wanasafiri, shule na vyuo ambavyo ni chanzo kikubwa vimefungwa, ilhali ajali na uzazi havisubiri. Damu nayo haihifadhiki muda mrefu: chembe nyekundu hukaa takriban siku 42 kwenye jokofu, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, takriban siku tano tu. Huchukuliwa mililita 450 hivi. Vigezo vya umri, uzito na muda wa kusubiri kabla ya kuchangia tena utaelezwa kituoni. Kunywa maji, kula kabla ya kwenda, na usipange kubeba magunia siku hiyo.

## Watoto, wazee na wagonjwa

12. Tunataka kwenda kituo cha watoto yatima kula nao sikukuu. Tuende?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa moyo safi kuliko yote, na jibu lake huwaudhi watu. Fikiri mara mbili.

Mtoto wa kituo anaona wageni wengi mwezi mmoja, kila mmoja anambeba, anamwahidi kurudi, anaondoka. Anajifunza kumkumbatia yeyote na kutomtegemea yeyote. Isitoshe, watoto wengi walio kwenye vituo hivi duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, ya mwaka 2009, inasema umaskini pekee usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Kituo kinachoishi kwa hafla za wageni kinahitaji watoto wa kuonyesha, na hapo mambo huharibika.

Basi mfanye nini? Kuna miradi inayozisaidia familia ziwe na watoto wao nyumbani: ada, sare, kodi ya chumba, mtaji wa mama. Sikukuu ya mtoto na bibi yake ndani ya chumba chao ni bora kuliko keki ya ukumbini. Kama bado mnataka kusaidia kituo, saidieni jengo na walezi: pakeni rangi, tengenezeni vyoo, lipieni posho ya zamu ya usiku. Na kituo kinachowaruhusu wageni wasiojulikana kukaa peke yao na watoto, ondokeni na mtoe taarifa (swali la 20).

13. Naruhusiwa kupiga picha?

Wewe na wenzako mkifungasha, pigeni. Anayepokea msaada, hapana, mpaka akubali mwenyewe bila shinikizo, na mtu aliyenyoosha mkono kupokea furushi hayuko huru kukataa. Kwa mtoto anahitajika pia mzazi au mlezi, na ruhusa ya shirika. Mfadhili akidai picha, mpe picha ya stoo iliyojaa kabla na iliyo tupu baada.

14. Nitawatembelea wazee au wagonjwa. Nifanyeje?

Nenda na muda, usiende na ratiba. Keti, usisimame juu yao. Uliza kabla ya kushika mkono, kabla ya kuomba dua, kabla ya kuimba. Wodi ina mtu mwingine anayetaka kulala. Wape nafasi ya kusimulia, hata kama hadithi umeshaisikia wiki iliyopita. Usilete chakula bila kumuuliza muuguzi, maana kuna wenye kisukari, shinikizo la damu na wanaosubiri upasuaji. Ukiwa na mafua, piga simu badala ya kwenda.

15. Nije na watoto wangu?

Uliza umri unaokubalika; jikoni na stoo mara nyingi kuna kikomo kwa sababu ya moto na mizigo. Wadogo wanaweza kupamba kadi, kuhesabu vitu, kuchagua mchezo wa kumpa mwenzao. Wakumbushe mapema kwamba wanaopokea si maonyesho. Mtoto akichoka, mpeleke nyumbani bila hotuba.

## Malipo na sheria

16. Nitalipwa? Nauli je?

Mshahara hakuna. Gharama zako kama nauli na chakula cha mchana hurudishwa na baadhi ya mashirika. Uliza kabla na utunze risiti. Kuuliza si aibu. Asasi inayowataka watu wenye uwezo wa kujilipia nauli peke yao inajinyima watu wazuri.

17. Nikiumia kazini?

Uliza kama wana bima inayowahusu wanaojitolea, hasa kwa kazi za gari, ngazi na majiko makubwa. Kama hawana, kataa hizo na uchukue nyingine. Unapotumia gari lako mwenyewe, hakikisha bima yako inaruhusu kubeba abiria au mizigo ya shirika.

18. Kwa nini wananitaka kitambulisho na hati ya polisi?

Kwa sababu utakuwa karibu na watoto au watu wasioweza kujitetea. Hati ya mwenendo mwema inaweza kuchukua wiki kadhaa kutoka, sababu nyingine ya kuanza mapema (swali la 2). Shirika lisilokuuliza chochote huku likikukabidhi watoto ndilo la kuogopa.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nimeahidi zamu na siwezi tena kwenda.

Sema mara moja ujuapo, hata usiku. Ujumbe wa mistari miwili unatosha, bila maelezo marefu ya udhuru. Ukiweza, taja mtu wa kukushikia nafasi ambaye mratibu anamfahamu. Usimtume binamu yako kimyakimya kwa jina lako.

20. Nimeona wizi, au mtoto anatendewa vibaya.

Wizi wa misaada: andika ulichoona, saa na mahali, umpe kiongozi asiyehusika au bodi. Usianze kwa kutangaza kwenye kundi la WhatsApp. Udhalilishaji wa mtoto ni jambo jingine: nenda polisi au ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Usimhoji mtoto mwenyewe, usimwahidi kuwa itabaki siri, na usisubiri ruhusa ya mkurugenzi.

21. Ofisi yetu ina watu thelathini wanaotaka kuja siku moja.

Thelathini kwa siku moja ni kazi kwa mwenyeji. Anapaswa kuwatafutia mahali pa kukaa, vyoo, maelezo na kitu cha kufanya. Mjigawe watano watano kwa wiki sita, au mchukue kazi moja kubwa yenye mwanzo na mwisho, kama kuhamisha stoo au kupaka rangi, na mje na vifaa vyenu. Msilazimishe fulana za kampuni mbele ya wanaopokea.

22. Mtu niliyemhudumia ameniomba namba ya simu, au mkopo.

Mpe namba ya shirika. Sema kwa upole kwamba utaratibu haukuruhusu, kisha mweleze mratibu shida yake ili isipotee. Ukimpa hela mmoja kwa siri, kesho wenzake watajua, na mratibu ataulizwa kwa nini wao hawakupewa.

23. Nimemkuta jirani yangu kwenye foleni.

Mwache yeye aamue kama mnajuana. Akikusalimu, msalimu kama kawaida. Akitazama pembeni, badilishana nafasi na mwenzako bila kueleza sababu. Nyumbani usimwambie mtu yeyote, hata mwenzi wako.

24. Mimi mwenyewe napokea msaada. Naweza kujitolea?

Unaweza, na utajua mambo ambayo wengine hawayajui: foleni iwekwe upande gani wenye kivuli, saa ngapi kina mama wanaweza kufika, ni neno gani linaumiza. Kitu kimoja tu, furushi lako lifungashwe na mtu mwingine na upokee kwa zamu kama wengine. Hilo linakulinda wewe.

25. Nimefiwa mwaka huu. Kujitolea kutanisaidia?

Huwasaidia baadhi, hasa wanaoogopa nyumba tupu siku ya sikukuu. Chagua kazi ya mikono, stoo au gari, kuliko wodi au kituo cha wanaoomboleza. Mwambie mratibu peke yake, na mkubaliane kwamba unaweza kuondoka katikati ya zamu bila kuaga watu wote.

26. Wamenikataa, au hawajibu kabisa.

Kimya kwa kawaida ni uchovu, si dharau. Huenda simu moja inapokewa na mtu mmoja anayepika pia. Andika tena baada ya wiki. Wakisema wamejaa, waachie jina lako kwa ajili ya wiki ya pili au ya tatu baada ya sikukuu, na uambatanishe siku mbili mahususi unazoweza. Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa haraka.